MIKONO YETU WANAITAKA, WATOTO WETU HAWAWATAKI



Kijana wa Mishomoroni, haya ni maneno yako. Na wewe wa Barsheba, Mlaleo, Bakarani na Mtopanga, na ndugu zetu wa Likoni na Changamwe, someni pamoja nasi, kwa sababu jambo hili halina mtaa.

Hesabu nyumba kumi kuanzia kwenu. Ni ngapi zina mtu Arabuni? Mama yuko Riyadh, anafanya kazi za ndani. Baba ni bawabu Doha. Kaka anaendesha gari Dubai. Dada amefika Uingereza, analea wazee wa watu. Pesa zinaingia kwa M-Pesa, mabati yanabadilishwa, karo inalipwa, na sisi twasema alhamdulillah. Sasa rudia nyumba zile zile. Ni wangapi waliokwenda na mke au mume wao? Ni mtoto gani aliyewahi kuitwa na mzazi wake akakae naye huko hata mwezi mmoja? Hapo vidole vya mkono mmoja vitakutosha, na vitabaki.

Na hawa watu hawakwenda kwa njia za panya. Wana pasipoti, wana viza, wana mkataba uliopigwa muhuri. Ila viza yenyewe ni ya mtu mmoja tu. Inamtambua kama mfanyakazi. Haimtambui kama baba, mama, mke wala mume.

Msimamo wetu tunauweka hapa juu, ili hata mwenye bando kidogo aondoke nao: serikali inayotia sahihi kupeleka watu wake kufanya kazi nje, na isidai chochote kwa ajili ya familia zao, haijawatafutia kazi. Imewakodisha. Na sisi tukinyamaza kwa sababu pesa zinaingia, tumekubali kukodishwa.

HESABU YENYEWE NI HII

Usidanganywe ukaambiwa ati nchi za nje haziruhusu familia. Zinaruhusu sana. Ila ngazi imewekwa juu, mahali ambapo mkono wa mtu wa kwetu haufiki.

Falme za Kiarabu, kule tunakosema Dubai: mfanyakazi wa kigeni anayetaka kumleta mke na watoto anatakiwa awe na mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 ikiwa anapewa na nyumba. Dirham 4,000 ni kama shilingi 140,000 za Kenya. Uliza bawabu wa kwetu aliye kule kama anaikaribia hiyo.

Qatar: tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya malazi na chakula kama mwajiri hatoi. Lakini ukitaka familia ikae na wewe, kipimo cha kawaida kimekuwa mshahara wa riyali 10,000, na kinashuka tu kama mwajiri amekupa nyumba ya familia. Yaani mara kumi ya kile wanachosema wenyewe kinamtosha mfanyakazi kuishi. Viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 vililindwa na mabawabu wengi, Wakenya wakiwemo. Walikuwa wazuri kulinda familia za watu milangoni. Za kwao hazikutakiwa hata kupita kwenye lango.

Saudia: tangu Julai 2017 kuna ada ya kila mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi wa kigeni. Ilianza riyali 100, ikawa inaongezwa 100 kila mwaka, hadi 2020 ikafika 400. Chukua simu yako upige hesabu. Mke na watoto wawili ni riyali 1,200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 14,400, karibu nusu milioni ya shilingi za Kenya, na hapo hujalipa nyumba, hujanunua hata mkate.

Sasa mwangalie dada yetu anayefanya kazi za ndani huko huko Saudia. Mkataba wake mara nyingi ni riyali 900 au 1,000. Kwa hivyo mshahara wake wote, asile, asitume nyumbani, haungetosha kulipia ruhusa ya kukaa na watoto wake watatu. Na wala hafikishwi kwenye hesabu hiyo, kwa sababu viza ya kazi za ndani haina mlango wa familia kabisa. Analala kwa mwajiri, ikama yake iko kwa kafili, mkataba ni miaka miwili. Anaamka alfajiri kuwaandaa watoto wa watu kwenda shule. Wake wanaandaliwa na nyanya yao.

Na usije ukafikiri hii ni tabia ya Waarabu peke yao. Mwaka 2021 Kenya iliwekeana mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya. Tukashangilia. Kisha tarehe 11 Machi 2024 Uingereza ikapiga marufuku walezi wa wazee na wagonjwa kuja na wake, waume au watoto. Sababu waliitoa wenyewe hadharani: katika mwaka mmoja ulioishia Septemba 2023, walezi 100,000 walikuwa wameandamana na wategemezi 120,000. Yaani walihesabu, wakaona watoto wamekuwa wengi. Kazi ya kumwosha mzee wa Kizungu na kumgeuza kitandani, tafadhali njoo. Mtoto wako mwache huko huko. Mwezi uliofuata wakapandisha kipato cha mtu anayetaka kumleta mume au mke wake kutoka nje, kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Na Julai 2025 wakafunga hata hiyo njia ya kuajiri walezi kutoka nje.

Unaona mpango? Popote uendapo ni ule ule. Mwenye mshahara mkubwa anaingia na familia yake, mwenye mshahara mdogo anaingia peke yake. Daktari, mhandisi, meneja wa benki, hawa ni wazazi. Bawabu, dereva, mpishi, mlezi, hawa ni mikono. Kwani mapenzi ya mtoto kwa babake yanapimwa kwa payslipu?

KENYA YENYEWE INAJUA

Kuna watakaosema serikali yetu haina ujuzi wa mambo haya. Inao.

Kampuni ya kigeni ikimleta mhandisi wake kufanya kazi hapa Mombasa, akishapata kibali cha kazi, sheria ya uhamiaji ya Kenya inamruhusu kuomba pasi ya wategemezi kwa mke na watoto wake. Watoto wanaingia shule Nyali, wikendi familia nzima iko baharini. Hatumwonei wivu hata kidogo, ndivyo binadamu anavyofaa kuishi. Swali letu ni moja tu. Serikali hii inayoelewa kwamba mgeni hawezi kutulia kazini akiwa mbali na watoto wake, ikikaa mezani na wageni wale wale kuzungumzia kazi za watu wetu, ule uelewa huwa imeuacha wapi?

Na iko mezani kila mara. Kenya ina mikataba ya kazi na Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Tarehe 13 Septemba 2024 ikatia sahihi mwingine na Ujerumani, kule Berlin. Kila baada ya miezi tunasikia maelfu ya nafasi zimepatikana, vijana wajipange foleni na vyeti vyao. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa nchi za mbele kabisa kwa pesa hizo. Mawaziri wanazitaja kwenye hotuba kama mkulima anayetaja mavuno yake.

Wewe je, umewahi kuisoma hiyo mikataba neno kwa neno? Mamako aliisoma? Mwanamke anayemwacha mtoto wa miaka mitatu Mishomoroni ana haki ya kujua kama neno "familia" limo ndani ya karatasi iliyompeleka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hiyo ni sheria, wala si hisani ya waziri.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 45, inasema familia ndiyo msingi wa jamii na ni lazima dola iilinde. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, baba na mama, wawe wameoana au la. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo inasimama mzazi akipanda ndege. Na mwaka 1979 Kenya iliridhia Mkataba nambari 143 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unazungumzia kurahisisha kuunganishwa kwa familia za wafanyakazi wahamiaji. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba mzima wa haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Jina lenyewe limewataja. Uganda hapa jirani iliridhia mwaka 1995. Kenya, miaka zaidi ya 30 baadaye, haijauridhia. Wala hakuna nchi hata moja ya Ghuba iliyouridhia. Lakini utamwambiaje mwenzako aingie msikitini na wewe mwenyewe umesimama nje?

TUSIIACHE DINI NYUMA

Hapa tunataka kusema kwa adabu, lakini tutasema.

Tumelelewa kuwapenda watu wa Bara Arabu. Kibla chetu kiko huko, Mtume wetu (SAW) amelala huko, na wengi wetu hapa Pwani tuna damu na ujamaa na Oman na Yemen. Ndiyo maana mama zetu wengi waliposikia "Saudia" waliona afadhali, ni kwa Waislamu wenzetu. Basi na tuwapime kwa mizani ile ile tunayoshirikiana nao.

Kila aliyepita chuoni amesikia kisa cha Sayyidna Umar (RA). Usiku anazunguka Madina, akamsikia mwanamke ndani ya nyumba akilalamika upweke, mumewe yuko vitani. Khalifa hakusema huyu mwanamke hana subira. Hakusema vita ni muhimu kuliko ndoa. Alikwenda kwa bintiye Hafsa, akamuuliza mke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Katika riwaya jibu ni miezi minne, na nyengine zinasema sita. Akaamuru majemadari wasiwaweke wanajeshi waliooa mbali na nyumba zao zaidi ya muda huo.

Tafakari hapo. Dola ya Kiislamu, ikiwa katikati ya vita, ilibadilisha mpango wa jeshi zima kwa ajili ya kilio cha mke mmoja. Leo nchi tajiri za Kiislamu, hazina dharura, zinamweka mtu miaka miwili kwa ajili ya kufagia na kuendesha gari, na hakuna anayeuliza.

Na ukitaka zaidi, waulize masheikh wako kuhusu mateka. Wanazuoni wetu wamesimama kwa ukali juu ya kumtenganisha mama aliyetekwa na mtoto wake mdogo, na Mtume (SAW) amepokewa akitoa onyo zito kwa anayefanya hivyo. Ikiwa mateka wa vita ana heshima hiyo, huyu Muislamu mwenzako aliyekuja kwa mkataba wa kazi, anayeswali nyuma ya imamu mmoja na wewe, ana heshima gani?

Kusema hivi si kuwachukia Waarabu. Ni kuwakumbusha waliyotufundisha.

"WALIKWENDA WENYEWE"

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa hivyo tuyachukue moja moja.

La kwanza: walikubali wenyewe, walitia sahihi. Ndio, walitia sahihi. Mtu mwenye deni la karo, mama mgonjwa na hana kazi, ukimwekea karatasi moja tu mbele yake ataitia sahihi. Mkataba wenye chaguo moja haujawahi kuwa ushahidi wa ridhaa. Isitoshe, mtoto aliyeachwa hakutia sahihi popote.

La pili: ni nchi yao na sheria zao. Sawa, kila nchi ina mipaka yake. Lakini hatuzungumzii kuwaamrisha. Tunazungumzia mkataba, na mkataba una pande mbili. Wao wanahitaji wafanyakazi, la sivyo wasingekuja kuwatafuta mpaka Kisauni. Upande wetu ungeweza kuweka sharti. Uliza kama uliweka.

La tatu, na hili ndilo wanasiasa hulipenda: tukidai sana, kazi zitakwenda kwa wengine. Basi watazame Wafilipino, ambao ndio "wengine" wenyewe. Machi 1995 Singapore ilimnyonga mfanyakazi wa nyumbani Mfilipino, Flor Contemplacion. Watu wakajaa barabarani, na Juni mwaka huo huo nchi yao ikapata sheria ya kulinda wafanyakazi walio nje. Februari 2018, baada ya maiti ya mfanyakazi wao kupatikana ndani ya friza nchini Kuwait, serikali yao ilisimamisha kupeleka wafanyakazi. Kufika Mei mwaka ule Kuwait ilikuwa imetia sahihi makubaliano mapya, ndani yake mfanyakazi anabaki na pasipoti yake na simu yake. Je, Kuwait iliwafukuza Wafilipino? Wako huko mpaka leo. Aliyedai amepata. Sisi tusiodai tunapata rambirambi.

La nne: kwa mshahara ule, familia ingekula nini huko? Swali zuri. Hakuna anayesema kila bawabu ahamishe nyumba nzima Doha. Wengi wangependelea watoto wasome hapa hapa, chuo na shule. Lakini kati ya kuhamia na kutoonana kabisa kuna mambo mengi. Kuna likizo ya kila mwaka yenye tikiti ya kuja nyumbani. Kuna viza ya matembezi ya mwezi mmoja kwa mume na watoto, ambayo haihitaji mtu awe meneja. Kuna haki ya kushika simu yako mwenyewe usiku, umwone mwanao akikuonyesha jino lililong'oka. Na kuna ngazi: aliyefanya kazi miaka kadhaa bila kosa, afunguliwe mlango ambao mwenye digrii hufunguliwa siku ya kwanza. Haya yote yanaweza kuandikwa katika mkataba kwa ukurasa mmoja.

BILI INALIPWA HAPA

Pesa zinazotumwa zina hesabu yake Benki Kuu. Hasara haina anayeihesabu, kwa sababu inalipwa mtaani.

Inalipwa na nyanya wa miaka 65 anayelea wajukuu watano na magoti hayamruhusu hata kusimama kuswali. Inalipwa na ndoa zinazokufa kwa simu: talaka ya ujumbe wa WhatsApp, mume aliyeoa mke wa pili kwa pesa za yule aliyeko Jeddah, mke aliyechoka kungoja. Kaa nje ya Mahakama ya Kadhi asubuhi moja usikilize mambo yanayoletwa. Inalipwa na mtoto anayeita shangazi "mama", na mama anaporudi baada ya miaka minne mtoto anajificha nyuma ya mlango.

Na tuzungumze wazi juu ya vijana wa mapanga. Kila mara kundi likivamia watu Kisauni, viongozi wanasimama mbele ya kamera wakiuliza wazazi wa hawa watoto wako wapi. Hatusemi kila mtoto aliyeachwa huharibika, hilo ni tusi kwa maelfu waliolelewa vizuri na nyanya zao. Lakini wewe kiongozi unayeuliza mzazi yuko wapi, wengine tunaweza kukujibu. Yuko mahali ulipompeleka. Ulikuwa uwanja wa ndege unampungia mkono.

Na kuna watoto ambao hata Mishomoroni hawajaiona. Ni wale waliozaliwa Saudia na mama wa Kikenya bila cheti cha kuzaliwa, kwa sababu uzazi nje ya ndoa iliyosajiliwa huko ni kesi. Mtoto hana cheti, kwa hivyo hana pasipoti, kwa hivyo hawezi kurudi kwao, na mama hawezi kumwacha. Novemba 2023 maafisa wa Kenya walikwenda kuchukua vipimo vya DNA vya akina mama na zaidi ya watoto 300. Hata ukiwa na maoni yako juu ya mama, mtoto ana dhambi gani? Katika dini yetu hakuna mtoto anayezaliwa na hatia. Ni Mkenya, na ni lazima apewe karatasi zake.

TUNACHODAI

Kwanza, mikataba yote ya kazi ambayo Kenya imeweka na nchi za nje iwekwe wazi, kwa Kiingereza na Kiswahili, mtu aisome kabla ya kutia sahihi wake mwenyewe.

Pili, kila mkataba mpya, na kila unaofanywa upya, uwe na kifungu cha familia: likizo ya kila mwaka na tikiti, simu mikononi mwa mfanyakazi, viza ya matembezi kwa mke au mume na watoto, na njia ya kuungana kwa aliyekaa muda mrefu.

Tatu, watoto waliozaliwa nje wapewe vyeti na pasipoti, warudi na mama zao bila kuzungushwa.

Nne, kazi ya kuthibitisha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa kwa ajili ya viza za familia imalizike hapa Mombasa. Leo karatasi inakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi husika, na balozi ziko Nairobi. Mtu wa Mishomoroni analala basi usiku mzima kufuata muhuri.

Tano, Kenya iridhie mkataba wa 1990.

NA WEWE UFANYE NINI?

Usisome ukapita. Kuna ya serikali na kuna yako.

Sajili ndoa yako. Mtaani kwetu ndoa inasomwa, biriani inaliwa, picha zinapigwa, cheti hakichukuliwi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu ikiwemo. Siku mume wako atakapofikisha mshahara wa kukuita, ubalozi hautauliza nani alikula biriani. Utauliza cheti. Watoto vivyo hivyo: cheti cha kuzaliwa kichukuliwe mapema, majina yafanane na ya kitambulisho cha mzazi herufi kwa herufi.

Kabla wewe au dadako hamjatia sahihi, hakikisheni ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kisha muulizeni mbele ya mashahidi: likizo ni lini, tikiti ni ya nani, simu itakaa na nani, mume au mtoto anaweza kuja kutembea? Akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu.

Ukiwa na mtu wako huko, mwambie aandike. Mara ya mwisho kuwaona watoto ilikuwa lini, aliomba likizo mara ngapi, alijibiwaje. Hayo ndiyo yatakayotusaidia tukienda bungeni, kwa sababu Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na ombi lenye ushahidi halitupwi kirahisi kama kelele.

Maimamu na maustadh wetu, kisa cha Sayyidna Umar kisibaki kuwa cha darasa la watoto. Kipandisheni mimbari siku ya Ijumaa, na mkitaje pamoja na viza.

Na uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Watakuja Mishomoroni na fulana na unga. Usimuulize mgombea ataleta kazi ngapi za Arabuni. Muulize: ukitupeleka, watoto wetu utatuwekea wapi? Atakayekosa jibu, mpe salamu zake aende.

Usiseme haiwezekani. Miaka mingi kijana wa Kiislamu akiomba kitambulisho alikuwa anaitishwa karatasi za babu na nyanya kama mgeni kwao. Watu wakalalamika, wakaandika, wakaandamana, wakaitwa wakorofi. Februari 2025 Rais Ruto akatia sahihi tangazo la kuondoa ule uchunguzi wa ziada kwa wakaazi wa kaunti za mpakani. Kama limetekelezwa inavyofaa ni mjadala mwengine, lakini jambo lililosemwa haligusiki liliguswa. Liliguswa na watu waliokataa kuzoea.

Sisi tumezoea. Tumezoea mpaka tunamtania mtoto, "babako ni simu." Hilo si la kucheka. Tuma ujumbe huu kwa mtu wako aliye Riyadh, Doha, Dubai au Manchester, na umuulize swali moja: angeweza kudai kitu kimoja tu kwa ajili ya watoto wake, angedai nini? Majibu leteni. Ombi tutaliandika pamoja.

Wabillahi tawfiq.